Jina Lako Halikuwamo Katika Wasifu

Edmonton, Landani
Ijumaa alasiri, Septemba 2002

Mwanangu Furaha,

Umetoka saa moja iliyopita kwenda kumuaga Ouma, nami nimebaki na sanduku lako sebuleni na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Sitakuandikia habari za koti zito, wala za kuwasha joto la chumba, wala za kulala mapema. Hayo umeyajua tangu ulipokuwa na miaka kumi na saba, na mengine ulinifundisha wewe. Nimechoka, na mtu aliyechoka hana budi kuchagua la kusema. Nimechagua kukuandikia juu ya makosa yangu.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na utangulizi, na ya pili ilikuwa na vichwa vya habari. Nimezichana zote mbili. Unanijua.

Nilifika Landani mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, shahada moja mkononi na nia ya kupata nyingine. Sikuja kutafuta watu. Nilijua tangu sekondari kwamba moyo wangu unawaelekea wanawake, na nilikuwa nimelipanga jambo hilo kama mtu anavyopanga faili asilotaka lifunguliwe: juu kabisa ya kabati, nyuma ya mengine. Niliamini kwamba nikisoma vya kutosha, nikavaa vizuri na kuzungumza kwa ufasaha, hakuna atakayeniuliza. Kweli hawakuniuliza. Miaka mitatu nzima hakuna mtu aliyeniuliza lolote, hata hali yangu. Kuna Krismasi moja nilipougua mafua makali nikakaa siku tano chumbani bila kusikia sauti ya binadamu ila ya mtangazaji wa redio. Siku ya sita nilikwenda dukani kununua maziwa, na muuzaji aliponisalimu nikajikuta sauti haitoki.

Ndipo nilipoliona tangazo katika maktaba, la mkutano wa Waafrika wapenzi wa jinsia moja, kila Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha jumba la mikutano. Nilipita mbele ya mlango huo Alhamisi nne kabla ya kuingia. Nilipoingia nilikaa karibu na mlango wa kutokea, koti mwilini, mkoba mapajani. Watu walizungumza Kiingereza, nami nilijitayarisha kuondoka kwa adabu. Kisha nikamsikia mwanamume mnene mwenye sare ya udereva wa basi akinung'unika peke yake mbele ya birika: "Chai gani hii? Haya si maji waliyosuuzia vikombe?"

Nikacheka kabla sijajizuia. Akageuka.

"Kumbe kuna mwenzangu," akasema. "Wa wapi wewe, dada?"

"Dodoma."

"Mimi Bukoba. Vua koti basi, hapa hatuhukumu kesi."

Huyo alikuwa Gaspari, na wewe huhitaji kuelezwa alikuwa nani. Lakini nataka ujue kwamba mimi pia aliniokota, na wala sikuwa na adabu ya kumshukuru. Jumapili iliyofuata aliniita kwenye flati aliyokuwa akiishi na Ouma, akanipikia ndizi na maharage, na Ouma akanifungulia mlango akiwa amevaa aproni, akanitazama kutoka viatu hadi nywele.

"Gaspa," akaita kuelekea jikoni, "huyu wako wa leo ni waziri?"

Tangu siku hiyo kila Jumapili saa saba mchana nilikuwa pale. Wale wawili walikuwa wameishi pamoja miaka mitano wakati huo, dereva wa basi na mpagazi wa hospitali, na nyumba yao ilikuwa na mazoea yake: anayekuja mikono mitupu anaosha vyombo, anayekuja na chakula pia anaosha vyombo. Nilidhani ninakwenda kula. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimepata ndugu, maana hakuna aliyenitangazia.

Sasa nije kwako. Wewe unakumbuka siku ile kwa upande wako, na mimi ninaijua kwa jinsi Gaspari alivyonisimulia. Alikuwa katika zamu ya asubuhi, akakuona umepanda basi lake hapa Edmonton na mfuko wa plastiki. Gari likafika mwisho wa njia, hukushuka. Likarudi, hukushuka. Mara ya tatu akazima injini akaja nyuma, akakusikia ukisali kwa Kiswahili.

"Mwanangu, gari limefika mwisho."

"Najua, papa. Sina fasi ya kwenda."

Mjomba wako, aliyekutoa Bukavu baada ya mama yako mzazi kufia njiani, alikuwa amezikuta barua ulizoandikiwa na msichana mwenzako wa kwaya. Asubuhi hiyo alikuwekea mfuko nje ya mlango. Gaspari hakukuuliza hata moja kati ya hayo. Alikuuliza kama umekula.

Mimi alinipigia simu ofisini. "Tabitha, wewe una chumba cha pili."

Nilimjibu kwamba chumba kile nakitumia kusomea. Nilimjibu kwamba mkataba wangu wa nyumba hauruhusu. Nilimjibu kwamba nafanya kazi katika idara ya makazi ya halmashauri na kuna taratibu rasmi za vijana wasio na pa kulala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, tunakuja saa kumi."

Nataka uyajue hayo, kwa sababu umewahi kuniambia kwamba nilikupokea. Sikukupokea. Uliletwa, nami sikupata ujasiri wa kukukataa ana kwa ana. Na jioni hiyohiyo nikakuchapia karatasi ya masharti: saa za kurudi, zamu ya kusafisha bafu, wageni, simu. Masharti kumi na mawili, kwa kompyuta, na mahali pa kutia sahihi. Ulitia sahihi bila kusoma. Ouma alipoiona Jumapili aliishika kwa ncha za vidole akasema, "Wee Tabitha, mtoto amekuja kutafuta mama, wewe umempa katiba."

Tulicheka wote, hata wewe. Ila mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa nimetahayari.

Miezi minane baadaye uliumwa tumbo, tukakaa hospitali tangu asubuhi hadi adhuhuri, na muuguzi akaja na ubao wake wa kuandikia akakuuliza kama kuna mzazi wako hapo. Ukaninyooshea kidole. "Mama ni huyu." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Muuguzi alinitazama, akakutazama, akaandika. Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Wewe uliuchukua ukimya wangu kuwa ni kukubali, na tangu hapo ukaacha kuniita Ya Tabitha, kama mnavyowaita dada wakubwa kwenu, ukaniita Mama. Nilipenda sana kuitwa hivyo ndani ya nyumba. Ninaandika "ndani ya nyumba" kwa makusudi. Nje, katika mikutano ya jumuiya ya Watanzania ambako nilikuwa nikijipendekeza nipewe ukatibu, wewe ulikuwa mpangaji wangu. Nilikuwa nikilitamka neno hilo haraka, kabla hujafika karibu.

Hukujua. Sasa unajua.

Kisha Gaspari akaugua ini. Ulikuwapo kuliko mimi, kwa hiyo sitakusimulia. Nitaandika tu kile nilichokiona mara moja nilipopita baada ya kazi: Ouma amemwegemeza kifuani, na wewe umepiga magoti na beseni, ukimwosha miguu iliyovimba, kidole kimoja kimoja, mkibishana naye kuhusu mpira. Ulifanya hivyo miezi minne. Ouma alibadili zamu zake zote. Mimi nilileta matunda na vipeperushi vya huduma za wagonjwa.

Alipofariki, kaka zake wawili walifika kutoka nyumbani ndani ya siku tatu, na jumuiya ikaja na masufuria. Flati ya Ouma ikawa nyumba ya matanga, na Ouma akawa mgeni ndani yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni mama mmoja alipomwambia, kwa upole kabisa, "Samahani kaka, wewe si ndiye uliyekuwa mpangaji wa marehemu? Vikombe vinakaa wapi?" Ouma akafungua kabati akamwonyesha vikombe. Alivinunua yeye.

Jioni hiyo kaka mkubwa, Mzee Laurenti, aliniita pembeni. "Tunaambiwa wewe ndiye msomi hapa. Tutengenezee wasifu wa marehemu, uusome kwenye ibada ya kumuaga kabla hatujamsafirisha."

Unafahamu wasifu ni nini kwetu. Mtu hazikwi mpaka asomwe: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini na nani walimuuguza, ameacha nani. Ni karatasi moja, na watu huisikiliza kuliko mahubiri, kwa kuwa hapo ndipo hutajwa kila mwenye haki ya kulia. Asiyetajwa ni mpita njia. Nililijua hilo. Nililijua vizuri kuliko wote waliokuwa pale, na bado nikakaa na kalamu nikihangaikia ufasaha.

Niliandika kwamba marehemu hakujaaliwa kuoa wala kupata watoto. Niliandika kwamba ameacha kaka wawili, dada mmoja na wapwa. Na mahali pa ugonjwa niliandika, naikumbuka kwa neno: "Katika kipindi chote cha maradhi yake aliuguzwa kwa upendo mkubwa na jumuiya ya Watanzania waishio Landani." Jumuiya ilimtembelea mara mbili. Niliiandika sentensi hiyo kwa sababu mwenyekiti wa jumuiya angekuwa safu ya mbele.

Nilisoma vizuri, Furaha. Sauti haikutetemeka. Ouma alikuwa safu ya mwisho kwa kuwa za mbele zilikuwa za ndugu, na wewe ulikaa naye, umemshika mkono wa koti. Nilipoinua macho kwenye "ameacha", niliwaona nyote wawili mmenitazama mkisubiri. Nikageuza karatasi.

Baada ya ibada mwenyekiti alinipa mkono akasema Kiswahili kimesimama. Mzee Laurenti akasema nimeuheshimisha ukoo. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: nilifurahi. Kwa muda wa kama dakika kumi, nikiwa na sahani ya sambusa mkononi, nilifurahi. Kisha Ouma akapita akielekea nje, akasimama, akaniambia, "Umesoma vizuri, dada," wala hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Afadhali ingekuwapo.

Tulipanda basi kurudi, ghorofa ya juu. Tulipokaribia nyumbani ulinigeukia. "Miye njo nilikuwa namuosha miguu," ukasema kwa Kiswahili chenu cha Bukavu. "Ile jumuiya ilikuwa wapi?"

Nilianza kukueleza kuhusu mazingira, kuhusu heshima ya familia, kuhusu hatari ambayo Ouma angeweza kupata. Ukageukia dirisha. Tulipofika mlangoni ukasema, "Usiku mwema, Ya Tabitha."

Imepita miezi kumi, na hujaniita tena Mama. Hukunikosea adabu hata siku moja. Umepika, umelipia mkate, umenisaidia kusoma barua za ofisi nilipovunja miwani. Umekuwa mpangaji mzuri. Nimeishi nyumba moja na adhabu hiyo na sikuwa na pa kukatia rufaa.

Huko Leeds unakokwenda kusomea ukunga utakuwa mpweke kwanza. Ninachoweza kukuambia ni kidogo. Watafute watu wa namna yetu mapema, usikae miaka mitatu kama mimi ukisubiri kukamilika. Ukiingia katika chumba chao vua koti. Si wote watakupendeza. Baadhi wana maneno mengi na wengine watataka uwe shujaa wa hadithi yao, mkimbizi aliyeokoka. Hao waache taratibu. Mtazame yule anayebaki kupanga viti baada ya mkutano. Kubali kuugua mbele ya watu. Na usimpe mtu mmoja kazi ya kuwa kila kitu kwako. Gaspari alikuwa na mimi wa kubishana naye habari za magazeti, wewe wa kubishana naye habari za mpira, na Ouma wa kunyamaza naye. Sijui kama huo ni ushauri. Ni nilichokiona.

Lakini wakiisha kukupenda, kazi haijaisha, na hapo ndipo nilipoanguka mimi. Nilidhani familia ya namna yetu inatosha kuishi kwa siri, jikoni, Jumapili mchana. Haitoshi. Kuna siku mtu asiyekujua atauliza mbele ya watu, "Huyu ni nani wako?" na siku hiyo hutakuwa na muda wa kuandika rasimu. Sikuambii ujitaje kila mahali. Wewe una mjomba na waumini wenzake katika mitaa hii, na usalama wako si jambo la kuchezea. Ukihitaji kunyamaza kwa ajili ya uhai wako, nyamaza. Mimi uhai wangu haukuwa hatarini. Kilichokuwa hatarini ni ukatibu.

Juzi nilijaza fomu ya ruhusa ya leo. Mahali pa sababu niliandika kwamba binti yangu anasafiri kwenda chuo. Meneja wangu akainua uso. "Sikujua una binti." Nikasema ninaye, ana miaka ishirini. Akapiga hesabu ya umri wangu kimoyomoyo, nikaona ikimshinda, akatia sahihi. Nilirudi mezani kwangu nikafungua faili lisilo langu, na hilo lilikuwa jepesi, maana yule Mwingereza hajui ukoo wangu wala hatakutana na shangazi zangu.

La leo lilikuwa zito. Saa sita mchana, ulipokuwa umekwenda kununua tepu ya kufungia maboksi, Mzee Laurenti alipiga simu kutoka Bukoba. Mwaka wa marehemu unakaribia, wanajengea kaburi, kutakuwa na misa, na anataka wasifu uleule uchapwe kwenye kijitabu cha misa. Akaniomba nilainishe sentensi mbili tatu. "Wewe ndiye bingwa wetu," akasema.

Nikamwambia nitautuma, lakini si uleule. Nikamwambia utasema kwamba kwa miaka kumi na mmoja Gaspari aliishi na Ouma, na kwamba Ouma ndiye aliyemuuguza.

"Yule mpangaji?"

"Hakuwa mpangaji, mzee. Ilikuwa nyumba yao."

"Tabitha, mama yetu bado yu hai. Unataka nisome nini mbele yake?"

"Kama huwezi kukisoma, usisome. Ila mimi sitaandika tena kwamba aliuguzwa na jumuiya. Aliuguzwa na Ouma na msichana mmoja anayeitwa Furaha."

"Huyo naye ni nani?"

"Ndiye aliyemwosha miguu ndugu yako miezi minne."

"Nauliza ni nani. Wa nani?"

Nilikuwa nimesimama pale sebuleni, mkono mmoja juu ya sanduku lako. "Ni binti yangu," nikasema.

"Wewe huna mtoto."

"Ninaye, mzee. Kesho anakwenda chuo."

Akasema wapo vijana wengine wanaojua kuandika, na kwamba mwenyekiti atapata habari za mimi ni mtu wa namna gani. Kisha akakata simu. Kwa hiyo matumaini ya ukatibu yamekwisha, na pengine kufikia Jumapili habari zitakuwa zimefika Dodoma. Sijisikii shujaa. Najisikia kama mtu aliyebeba mzigo ghorofa kumi na kukuta lifti ilikuwa ikifanya kazi. Kijitabu chao kitachapwa bila majina yenu, na sina uwezo wa kulibadili hilo. Ouma nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso, usimwambie wewe.

Sikukuandikia haya ili unisamehe kabla ya basi la asubuhi. Usinifariji kesho pale kituo cha mabasi cha Victoria, tafadhali. Endelea kuniita Ya Tabitha kama ndivyo ulimi unavyotaka, nitaitika. Ila huko Leeds, mtu akikuuliza kama una watu Landani, usimwambie ulikuwa umepanga chumba kwa mwanamke mmoja Edmonton. Mwambie una mama, hajui kupika, na alichelewa kusema.

Mama yako,
Tabitha